Msasa, Nikeli na Daftari

Kazi ilianza kwa kufungua ngoma. Aprili 1979, ndani ya studio za Strawberry mjini Stockport, jirani na Manchester, mtayarishaji Martin Hannett alimtaka mpiga ngoma Stephen Morris avunje seti yake na kurekodi vipande vyake kimoja kimoja. Mpiga ngoma wa roki amezoea kukaa katikati ya vyombo na kuvipiga vyote kwa pamoja: mguu kwenye ngoma kubwa, fimbo moja kwenye ngoma ndogo, nyingine kwenye matoazi. Hannett aliona kasoro katika raha hiyo. Kipaza sauti kilichoelekezwa kwenye ngoma ndogo hunasa pia mlio wa toazi lililo jirani, na mlio ukishaingia kwenye utepe hautoki. Ukitaka kuipa ngoma ndogo mwangwi, toazi nalo litapata mwangwi bila kuombwa.

Basi vikatenganishwa. Kazi ya namna hii humchosha mpigaji, kwa sababu mwili wake hutunza mapigo kwa viungo vyote. Ukimnyima mkono mmoja, mguu hupotea njia. Lakini kila kipande kilipata mstari wake kwenye utepe, na kila mstari ulikuwa msafi. Hapo ndipo Hannett alipoanza kujenga. Alikuwa na mashine ya kampuni ya AMS ya mji wa Burnley, iliyoweza kuihifadhi sauti kwa tarakimu na kuirudisha baada ya muda mfupi sana, hata sehemu chache za elfu za sekunde. Mwangwi mfupi kiasi hicho sikio haliusikii kama mwangwi. Hulisikia pigo lenyewe limebadilika: limekuwa gumu zaidi, lenye kingo, kana kwamba chumba limekipata baada ya kupigwa. Hannett aliketi na vifundo vya mashine hiyo kwa subira iliyowachosha wengine, akisogeza kidogo, akisikiliza, akirudisha.

Bendi ilikuwa Joy Division, vijana wanne waliokuwa wakipiga jukwaani kwa nguvu na kelele. Hannett alizitoa kelele akaacha nafasi. Besi ya Peter Hook, iliyopigwa juu kwenye nyuzi nyembamba, ilisimama mbele badala ya gitaa. Gitaa la Bernard Sumner lilisogezwa nyuma. Katika wimbo wa "Insight", sauti ya Ian Curtis ilipitishwa kwenye laini ya simu ili isikike kutoka mbali, na mlio wa lifti ya jengo ukaingizwa mwanzoni. Katika "I Remember Nothing" kuna kioo kinachovunjika. Kila kitu kiliwekwa mahali pake, kisha kikazungukwa na ukimya. Hook na Sumner hawakufurahi walipoisikiliza albamu. Walitaka nguvu ile ya jukwaani. Leo albamu hiyo, Unknown Pleasures, inasikilizwa kwa sababu ya kile hasa walichokilalamikia.

Ilikuwa ni kazi ghali kwa lebo iliyokuwa haijatoa albamu hata moja. Factory Records ilizaliwa mwaka 1978, kwanza kama usiku wa muziki katika ukumbi wa Russell Club mtaa wa Hulme. Waanzilishi walikuwa Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni ya Granada, na rafiki yake Alan Erasmus, mwigizaji. Waliungana nao Peter Saville, mwanafunzi wa usanifu wa michoro, Hannett mwenyewe, na Rob Gretton, meneja wa Joy Division. Ofisi ilikuwa nyumbani kwa Erasmus, namba 86 Palatine Road. Fedha za mwanzo zilitoka kwenye urithi ambao Wilson aliachiwa na mama yake. Makubaliano na wanamuziki yalikuwa mafupi: gharama zikishatolewa, faida igawanywe nusu kwa nusu, na muziki ubaki mali ya waliouunda. Husimuliwa kwamba Wilson aliyaandika masharti hayo kwa damu yake mwenyewe. Mikataba ya kawaida, ya mawakili na kurasa nyingi, haikuwapo.

Utepe ukishakamilika, muziki bado haujawa kitu cha kushikwa mkononi. Huenda kwa fundi wa kukata. Mbele yake ipo sahani ya alumini iliyopakwa laka, laini na nyeusi, inayozunguka juu ya meza nzito ya chuma. Sindano ya yakuti iliyopashwa moto hushuka na kuanza kuchora. Uzi mwembamba wa laka huchomoza nyuma yake na kufyonzwa na bomba kabla haujajiviringisha kwenye ncha. Upande mzima wa santuri una mfereji mmoja tu, unaoanza ukingoni na kuzunguka hadi karibu na katikati. Sauti nzito za besi huuyumbisha mfereji huo kwa upana. Sauti nyembamba huuchora kwa vimikunjo vidogo. Fundi akiacha nafasi ndogo kati ya mzunguko mmoja na mwingine, kuta zitagusana na sindano ya msikilizaji itaruka. Akiacha nafasi kubwa mno, wimbo wa mwisho hautaenea. Ndiyo maana utepe husomwa na kichwa cha kwanza kabla ya kufika kile cha pili: mashine hupata kuona besi inayokuja na kuipisha.

Muziki wa Hannett ulikuwa mtihani kwa hatua hii. Rekodi yenye kelele tupu huficha mengi, lakini rekodi yenye ukimya haifichi kitu. Punje ya vumbi kwenye laka, mtetemo wa meza, joto la sindano lililopungua kidogo, vyote husikika pale ngoma inaponyamaza. Mwishoni, kwenye ule mduara mtupu uliozunguka karatasi ya katikati, palibaki nafasi ya kukwaruza maneno machache kwa mkono. Santuri nyingi za Factory zina maandishi hayo madogo, ambayo husomeka tu ukiigeuza sahani kwenye mwanga.

Kutoka hapo sahani ya laka hupelekwa kiwandani. Hunyunyiziwa fedha, utando mwembamba sana, ili iweze kupitisha umeme. Kisha huzamishwa kwenye beseni la nikeli, na nikeli huota juu yake polepole kwa saa kadhaa, ikijaza kila mfereji. Ikibanduliwa, mafundi huiita baba: mifereji yake imechomoza nje badala ya kuzama. Kwa baba huoteshwa mama, ambaye mifereji yake imezama tena, kwa hiyo anaweza kuchezwa na kusikilizwa kama kuna dosari. Kwa mama huoteshwa mihuri, na mihuri ndiyo hufungwa kwenye mashine ya kukandamiza. Donge la plastiki ya PVC iliyolainika huwekwa katikati, karatasi ya lebo juu na nyingine chini, zote zikiwa zimekaushwa kwanza kwenye tanuri kwa sababu unyevu huleta malengelenge. Hazibandikwi kwa gundi. Joto na uzito huzishikamanisha na plastiki. Mvuke hupita ndani ya vibao, mashine hufunga, kisha maji baridi hupita palepale mvuke ulipopita. Ikifunguka, santuri ipo, bado ina pindo la plastiki iliyozidi ambalo hukatwa pembeni. Nakala 10,000 za kwanza za Unknown Pleasures zilitoka Juni 1979. Pande zake hazikuitwa wa kwanza na wa pili; mmoja uliitwa Nje, mwingine Ndani.

Sasa ikabaki nguo ya kuivisha. Mwanabendi mmoja alikuwa ameona katika ensaiklopidia ya astronomia ya Cambridge mchoro wa mawimbi ya redio ya nyota iitwayo CP 1919, ya kwanza ya aina yake kugunduliwa, mwaka 1967. Ni mistari 80, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukiwa ni mpigo mmoja wa nyota hiyo inayopiga kila baada ya sekunde 1.337. Kitabuni mistari ilikuwa myeusi juu ya weupe. Saville aligeuza: mistari myeupe, ardhi nyeusi. Aliupunguza mchoro ukawa mdogo katikati, akaacha weusi mwingi pande zote. Mbele hakuweka jina la bendi wala la albamu. Alichagua kadi yenye chembechembe badala ya ile ya kung'aa, ili kidole kihisi kitu kabla jicho halijasoma. Ndani, karatasi nyeupe ya kuhifadhia santuri ilibeba picha ya mkono mlangoni.

Kufanya kidogo namna hii kunahitaji ustadi zaidi kuliko kufanya mengi. Mchoro ukiwa mkubwa kidogo tu, weusi unageuka fremu. Ukiwa mdogo zaidi, unageuka chapa ya biashara. Saville aliutafuta ukubwa ambao mistari inasomeka kama kitu kilicho mbali, jambo ambalo Hannett alilifanya kwa sauti katika chumba kingine. Subira yake ilikuwa na sura nyingine pia: alichelewa. Bango lake la kwanza kwa ajili ya zile siku za Russell Club, la rangi ya manjano na nyeusi za viwandani, lilifika likiwa limeshachelewa. Halikutupwa. Lilipewa namba, FAC 1, likawa kazi ya kwanza katika orodha ya Factory.

Januari 1980 ilikuja kazi iliyorudisha ufundi kwenye viganja vyenyewe. Albamu ya kwanza ya The Durutti Column, kundi la mpiga gitaa Vini Reilly, ilipewa jalada la karatasi ya msasa. Wazo lilitoka kwa kitabu cha Guy Debord na mchoraji Asger Jorn kilichofungwa kwa msasa ili kichubue vitabu vitakavyokaa nacho rafuni. Hapakuwa na mashine ya kufanya jambo kama hilo, kwa hiyo wanachama wa Joy Division wenyewe walilipwa kidogo wakae na kubandika. Msasa ni karatasi kaidi. Haukunjiki bila kuvunjika na kumwaga mchanga wake, kwa hiyo lazima ubandikwe ukiwa bapa. Gundi ikizidi hutoka ukingoni. Ikipungua, pembe huinuka. Na kila jalada unaloliweka juu ya lingine hulikwaruza la chini, hivyo hata kuyapanga ni kazi ya uangalifu.

Ndani ya jalada hilo gumu kulikuwa na muziki mwororo kuliko wote ambao lebo ilikuwa imeutoa. Katika wimbo wa kwanza, "Sketch for Summer", Hannett alitengeneza kwa sintesaiza milio kama ya ndege, akaiacha iendelee huku Reilly akipiga gitaa kwa vidole, taratibu, akiziacha noti zife zenyewe. Mtu aliyenunua santuri ile alilazimika kuishika kwa hadhari, kuitoa polepole, na kufikiri ataihifadhi wapi. Jalada lilikuwa limeshamfundisha mwendo wa kusikiliza.

Ian Curtis alifariki tarehe 18 Mei 1980. Waliobaki waliendelea kwa jina la New Order, na miaka mitatu baadaye wakaipa Factory wimbo wake mkubwa. "Blue Monday", FAC 73, ulitoka Machi 1983 kwenye santuri ya inchi 12 pekee. Unazidi dakika saba, na ngoma zake si za Morris mwenyewe bali za mashine aliyoipangia mapigo. Santuri ya inchi 12 iliyobeba wimbo mmoja kila upande ina nafasi tele: mfereji unaweza kuyumba kwa upana, na besi ikasikika kifuani.

Saville aliona disketi ya kompyuta studioni mwa bendi na akaamua jalada liwe hiyo disketi. Hilo ni rahisi kusema. Kadi nyeusi ilipaswa kukatwa matundu: duara katikati, tundu dogo pembeni yake, na mwanya mrefu wenye ncha za mviringo. Matundu hukatwa kwa wembe wa chuma uliopindwa kufuata umbo na kupachikwa kwenye ubao. Kadi hupita chini yake baada ya kuchapwa, katika hatua ya pekee yenye gharama yake. Kupitia matundu hayo ilionekana karatasi ya ndani ya rangi ya fedha. Ukingoni kulipangwa miraba ya rangi, na kila rangi ilisimama badala ya herufi. Mwenye subira angeweza kusoma humo namba ya santuri, wimbo na bendi. Ufunguo wa alama hizo uliwekwa nyuma ya albamu nyingine, Power, Corruption & Lies, ambayo mbele yake kuna maua ya mchoraji Henri Fantin-Latour.

Wimbo ulipasua soko. Ni santuri ya inchi 12 iliyouzwa kuliko nyingine zote Uingereza. Wenyewe wamesimulia kwamba jalada la kwanza liligharimu sana kiasi cha kila nakala kuuzwa kwa hasara. Ni senti ngapi, wamebishana hadi leo. Matoleo ya baadaye yalichapwa bila matundu. Lakini mwelekeo unaonekana. Kila mmoja katika Factory aliuliza kitu kinataka nini ili kikamilike, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza kitalipwa na nini.

Swali hilo lingeweza kusubiri kama lingebaki kwenye karatasi na gundi. Tarehe 21 Mei 1982 lilikuwa limeshahamia kwenye saruji. Factory na New Order walifungua klabu ya The Haçienda, FAC 51, katika jengo la zamani la kuuzia mashua kwenye Whitworth Street West. Msanifu Ben Kelly aliyakubali yale yaliyokuwepo. Nguzo za chuma zilisimama pembeni mwa uwanja wa kuchezea, mahali ambapo mtu anayerudi nyuma akicheza angejigonga. Akazipaka michirizi ya manjano na nyeusi kama ya alama za hatari kiwandani. Mpaka wa sakafu akauonyesha kwa nguzo fupi za barabarani na viakisi mwanga vya lami. Kila pambo lilikuwa na kazi. Ilikuwa klabu nzuri, na kwa miaka mingi ilimeza fedha ambazo New Order walikuwa wamezitafuta kwa santuri.

Hannett alitaka fedha hizo zinunue mashine ya Fairlight, sintesaiza ya kompyuta ambayo ingefungua kazi mpya studioni. Alishindwa, akaishtaki lebo aliyokuwa mshirika wake. Shauri liliisha nje ya mahakama, na Factory iliipa kesi yenyewe namba: FAC 61. Alirudi mwaka 1988 kutayarisha albamu ya kundi la Happy Mondays, Bummed, akafariki Aprili 1991 akiwa na miaka 42.

Mwisho ulikuja wakati ukumbi umejaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 The Haçienda ilifurika vijana kila wiki, lakini wengi walitumia vidonge vya ekstasi na kunywa maji, hivyo kaunta ya vinywaji haikuingiza kitu. Mwaka 1989 ikafunguliwa baa ya Dry, FAC 201. Mwaka 1990 kampuni ikahamia makao mapya Charles Street, FAC 251, kazi ya Kelly tena, yenye meza ya mikutano iliyoning'inizwa kwa nyaya. Majengo yalinunuliwa bei zikiwa juu, kisha bei zikaporomoka. Happy Mondays walipelekwa Barbados kurekodi Yes Please!, na gharama zikapaa. Albamu ya New Order iliyotegemewa kuokoa jahazi ilichelewa. Kampuni ya London Records ilifika kutaka kuinunua Factory, ikaomba kuona mikataba. Ikaonyeshwa lile andiko fupi: muziki ni wa wanamuziki. Hapakuwa na cha kununua. Novemba 1992 Factory ilifilisika.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo ingeweza kubandikwa kwenye mlango wa Charles Street. Ila Factory walikuwa na daftari moja walilolitunza vizuri. Waliorodhesha bango lililochelewa, karatasi za barua, klabu, baa, hata kesi waliyoshtakiwa. Wilson alipofariki mwaka 2007, jeneza lake lilipewa namba FAC 501. Ilikuwa hesabu ya kazi badala ya hesabu ya fedha, na kwa hesabu hiyo hawakuwahi kuchanganyikiwa.

Kosa lililoiua kampuni lilikuwa pia ndiyo ruhusa ya kazi yake. Mhasibu makini angeuliza kwa nini ngoma zirekodiwe moja moja, kwa nini kadi ikatwe matundu, kwa nini msasa. Na angekuwa sahihi kila mara. Kwa kuwa hakuwapo, vitu hivyo vilitengenezwa hadi vikakamilika. Na kwa kuwa mikataba ya kawaida haikuwapo, mfilisi hakupata muziki wa kuuza. New Order walitia saini na London Records, albamu yao Republic ikatoka mwaka 1993, na rekodi zao za zamani wakaondoka nazo, kwa sababu zilikuwa zao tangu mwanzo.